Magari ya Kumchukua Mzee Yakobo

Masomo: Mwanzo 45:25 hadi 46:7, Luka 14:28–30



Mhariri ametuomba neno la kuwafaa waliostaafu na wanaokaribia kustaafu. Sisi si mapadre wala wahubiri. Sisi ni mtu na mkewe, walimu wa shule ya msingi tuliopata mafunzo yetu katika chuo cha ualimu, tukashika chaki zaidi ya miaka thelathini na mitano, na mwaka 2021 tukaiweka mezani. Kwa hiyo mtatuvumilia tukieleza jambo kama walimu, kwa kuanza na kitu kinachoonekana.

Kitu kinachoonekana ni lile gari. Tangu mwaka jana lipo chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba yetu: Hiace nyeupe iliyotumika sana, yenye kitanda ndani, mapazia ya kitenge madirishani, na kasha la vyombo mahali palipokuwa na viti vya nyuma. Mmepita na kulitazama. Baadhi wamesema walimu wanaanza biashara ya abiria. Baadhi wamesema, kwa huruma, kwamba fedha za kiinua mgongo zimewapanda kichwani. Watoto wa jirani huliita nyumba ya miguu minne, na hao ndio waliokaribia ukweli. Tumekusudia kusafiri kwa gari hilo mpaka Kigoma, kwa kupitia Dodoma, Manyoni, Tabora na Uvinza, karibu kilomita 1000 kwenda tu, na kurudi hatutarudi upesi. Tutalala ndani yake tunapochoka, katika viwanja vya makanisa na vituo vya mafuta, na kuwaona njiani wale tuliosoma nao na kufundisha nao, ambao kila Krismasi tumekuwa tukiwaahidi kuwa tutaonana mwakani.

Wazo hili hatukulitoa vichwani mwetu. Ninyi mnajua kwamba kukaa kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ni kuona dunia ikipita. Mwaka 2022 walisimama kwa fundi wa pancha wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe, wenye lori dogo lililojengwa kama nyumba, lenye jiko, choo, kitanda na hata rafu ya vitabu. Walikuwa wametoka Afrika Kusini, wakienda Arusha kwa njia ya Dodoma. Tuliwatolea Kiingereza chetu cha darasani, nao wakatukaribisha ndani tukanywa chai. Walituzidi umri kwa miaka kumi hivi. Walitueleza kwamba kwao jambo hili si ajabu: huko Marekani wapo wastaafu wanaouza nyumba zao na kuishi katika magari ya namna hiyo, na huko Australia ni wengi hata wamepewa jina, wahamaji wenye mvi. Tulipouliza watoto wao wako wapi, yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, wapo. Tukamaliza chai yetu. Usiku ule hatukupata usingizi upesi, wala si kwa ajili ya lile lori tu.

Sasa tufungue kitabu cha Mwanzo. Habari za Yusufu huhubiriwa mara nyingi kwa vijana, juu ya ndoto na kanzu na mke wa Potifa. Sisi twapenda leo kuzisoma tukiwa upande wa yule mzee aliyebaki Kanaani. Yakobo alikuwa na miaka 130, maana ndiyo aliyomtajia Farao walipoonana (Mwanzo 47:9). Na kwa miaka 22 alikuwa amemhesabu mtoto wake kuwa marehemu. Hesabu hiyo mwaweza kuifanya wenyewe: Yusufu alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, 30 aliposimama mbele ya Farao, kisha ongezeni miaka saba ya shibe na miwili ya njaa.

Wanawe wanarudi kutoka Misri na kumwambia kwamba Yusufu yu hai. Mzee akapigwa na ganzi, hakuwasadiki. Ndipo akayaona magari. Biblia yetu yasema magari, nasi tulipokuwa watoto wa shule ya Jumapili tulidhani yana injini. Yalikuwa magari ya kukokotwa na wanyama, yaliyotumwa kwa amri ya Farao ili wazee, wanawake na watoto wadogo wasitembee kwa miguu. Maneno ya wanawe hayakumtosha yule mzee, lakini alipoyaona magari nguvu zilimrudia, akasema atakwenda amwone mwanawe kabla hajafa.

Liko jambo la kuchekesha hapo, na kila mwenye mke au mume mzee atalitambua. Farao alikuwa ameagiza kwamba wasihangaikie vyombo vyao, kwa kuwa mema yote ya Misri yatakuwa yao. Lakini ukisoma sura ya 46, mstari wa 6, utaona walibeba kila kitu, mifugo na mali. Katika gari letu limo gunia la maharage ya Nongwe, na kinu. Mmoja wetu aliuliza, je, huko Kigoma hakuna vinu? Akajibiwa kwamba vipo, lakini si hiki.

Bwana wetu, katika Luka 14, alinena juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza na kuchekwa na wapitao. Basi tuliketi, tukachukua daftari la mistari, tukaandika. Twaona vema kuwashirikisha baadhi ya tuliyojifunza, maana hata asiyesafiri mbali yatamfaa.

La kwanza ni matairi. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne zilizo peke yake ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Tairi lenye 1213 lilitengenezwa katika wiki ya 12 ya mwaka 2013. Matairi yetu manne yalikuwa na meno mazuri, yameng'arishwa, nasi tuliyasifu sana siku ya kununua gari. Fundi akachuchumaa, akasoma, akatuonyesha kwamba mawili yalikuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi. Mpira huzeeka hata kama hautembei. Jua na hewa huukausha kwa ndani, na siku utakapopata mzigo, mwendo na lami ya moto, hupasuka ghafula. Yule aliyetuuzia hakutuambia, nasi hatukuuliza. Tuliyatoa yote mawili.

La pili ni moto. Tunao mtungi mdogo wa gesi, lakini tumekubaliana kwamba hautawashwa milango ikiwa imefungwa, wala jiko la mkaa halitaingia ndani kabisa, hata kukiwa na baridi na upepo kama huu wetu wa Gairo. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hufa akidhani analala. Twasema hili kwa mkazo, kwa sababu zimo nyumba katika parishi hii ambamo watu huota mkaa chumbani wakati wa baridi kisha hufunga dirisha.

Mengine twayapita upesi: jeki na kipande cha ubao wa kuiweka juu yake penye mchanga, pembetatu mbili za hatari, mtungi wa kuzimia moto, vyandarua, bima, leseni, madumu ya maji matamu kwa ajili ya safari (hatutaki kuwapelekea watu wa Tabora chumvi ya visima vyetu). Mmoja wetu ana presha, akapewa dawa za kutosha na kuonywa asiziache eti kwa kuwa anajisikia vizuri. Wote tulipimwa macho. Baada ya kupimwa tuliandika katika daftari kwamba hatutaendesha usiku hata kama tumebakiza kilomita ishirini kufika, kwa maana macho ya miaka sitini hayapatani na taa za malori. Na vijijini tutakwenda 50 kwa saa kama sheria inavyotaka, wenye tochi wawepo wasiwepo.

Tulipokwisha kufanya hayo yote tulikwenda Dodoma na kurudi siku ile ile kulijaribu gari. Halikuchemka, halikulia, halikudondosha hata tone la mafuta. Tukamshukuru Mungu na kusema, tayari. Wiki ile tulikuwa na kiburi kidogo.

Lakini mmoja wetu alikuwa mwalimu wa historia, akakumbuka habari iliyotokea katika njia hii hii ya bara. Mwaka 1876 alifika Saadani mmisionari mmoja wa London Missionary Society, Roger Price. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini Wakristo wa kwanza wa Ukaguru na wa Ugogo na wa Ujiji wote ni majirani katika historia. Price alikuwa amezoea kazi ya kusini mwa Afrika, ambako gari kubwa la kukokotwa na ng'ombe lilikuwa nyumba na chombo cha safari kwa pamoja: watu walilala humo na kupika kando yake, na watoto walizaliwa humo. Akaona ni vema gari la namna hiyo lije huku, ili kuachana na mizigo ya vichwani. Kwanza akajaribu. Akatembea na ng'ombe wachache kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, akarudi nao, akapeleka habari Uingereza kwamba jambo linawezekana. Mwaka 1877 msafara wenyewe ukaja na magari na ng'ombe wengi, ukielekea Ujiji. Ng'ombe wakaanza kufa njiani. Nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o, hauui siku ile ile. Mnyama huweza kuendelea kukokota kwa majuma kadhaa akiwa tayari anakufa. Magari yakakwama. Price akarudi Uingereza kuwaeleza wakubwa wake, na wenzake wakaendelea na wapagazi, kwa miguu. Walioongoza walifika Ujiji katika Agosti 1878, na mmoja wao, Thomson, akafa baada ya muda mfupi. Mwingine, Dodgshun, alifika mwaka 1879 akafa baada ya siku chache.

Mackay wetu wa C.M.S. naye, mwaka huo huo 1877, alikuwa akifyeka njia ya magari kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, yapata maili 230, kwa shoka na misumeno na jasho la watu. Ng'ombe wa C.M.S. nao hawakusalimika. Hatusemi watu hawa walikuwa wajinga. Walihesabu gharama kama Luka 14 isemavyo. Lakini Price alikuwa amejaribu safari fupi, na safari fupi haikumwonyesha ugonjwa uliokuwa tayari ndani ya ng'ombe.

Basi sasa twende na Yakobo mpaka Beer-sheba, maana hapo ndipo somo lilipotushika.

Yakobo hakwenda Misri moja kwa moja. Alipofika Beer-sheba, kusini kabisa mwa nchi yake, alisimamisha magari yale ya serikali, akamtolea sadaka Mungu wa baba yake Isaka. Usiku Mungu akasema naye, akamwambia asiogope kushuka Misri. Mtu haambiwi asiogope kama haogopi. Wafafanuzi husema aliogopa kuiacha nchi ya ahadi, na hilo ni kweli bila shaka. Lakini sisi twadhani, na padre atusahihishe, kwamba aliogopa pia kuonana na mwanawe. Yeye ndiye aliyempenda kijana yule waziwazi kupita ndugu zake, na ndiye aliyemtuma peke yake kondeni kwa watu waliomchukia. Mzee akiwa ndani ya gari hana kazi, anafikiri.

Na liko jambo ambalo Biblia haikuliandika. Wale ndugu walipomwambia baba yao kwamba Yusufu yu hai, ilibidi waseme kilichompata. Kanzu yenye damu waliileta wao. Walisema nini? Nani alianza? Tumesoma sura ile mara nyingi, hatukuona hata neno moja juu ya mazungumzo hayo. Labda yalikuwa magumu kuandikwa.

Nasi tunaye mtoto Kigoma.

Wazee wa parishi mnakumbuka. Ni mwana wetu wa kwanza. Mwaka 2009 tulimtafutia nafasi ya ualimu, naye akasema hataki chaki, anataka biashara. Tukagombana majuma kadhaa. Asubuhi moja ng'ombe jike alikosekana zizini, na mtoto akakosekana naye. Baada ya muda alituma ujumbe katika simu, akaomba radhi, akasema atamlipa yule ng'ombe. Mmoja wetu alimjibu. Hatutasema yupi, ingawa mnajua. Alimjibu kwamba katika nyumba hii mtoto huyo amekwisha kufa. Mwenzake alilisoma jibu lile kabla halijatumwa, akanyamaza. Twaandika hivi kwa sababu miaka mingi mmoja wetu alijiona ndiye mwenye kosa, na mwingine alijiona hana. Wote wawili tuliutuma ujumbe ule.

Mjomba wake, ambaye kwa mila yetu Wakaguru ana neno juu ya mtoto wa dada yake, alikuja mara mbili kutusihi. Tulimpa chai, tukamsindikiza. Tuliendelea kushika vitabu vya sala na kupokea Ushirika Mtakatifu. Mmoja wetu alikuwa akifundisha darasa la kipaimara, tena somo la Baba Yetu, na alipofika penye kusamehe alieleza vizuri sana kwa mifano ya watu wengine.

Ilipopita miezi miwili tangu wale wazee wa Kizungu wanywe chai nasi, basi la kutoka Kigoma lilisimama hapa Gairo abiria wale chakula. Mama mmoja mwenye mizigo ya dagaa aliuliza nyumba ya walimu, akaelekezwa. Alitwambia kwamba mwana wetu yuko Kibirizi, pale dagaa wanaposhushwa kutoka ziwani, ana mke na watoto wawili, na mtoto wa kike amepewa jina la bibi yake wa Gairo. Hatukumsadiki. Tulidhani ni mtu wa kutafuta fedha. Ndipo akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na bei ya ng'ombe jike, si bei ya mwaka 2009, ila bei ya siku ile. Yule mama hakukaa, basi lilikuwa linapiga honi.

Fedha zile zilikaa ndani ya Biblia karibu mwaka mzima. Hatimaye ndizo zilizonunua yale matairi mawili.

Sasa mtauliza, je, tulimpigia simu? Namba ilikuwa imeandikwa juu ya bahasha. Hatukumpigia. Tulinunua gari. Tulimwita seremala, tulishona mapazia, tulibishana juu ya kinu. Mwaka mzima tulitengeneza chombo cha kutufikisha kwa mtu ambaye hatujamwambia kwamba tunakwenda. Ni rahisi kubadilisha mafuta ya injini, ndugu zetu. Yakichafuka unayaona yalivyo meusi, na unajua ni lita ngapi zinazotakiwa.

Mjomba alikuja mara ya tatu, mwezi uliofuata lile jaribio la Dodoma. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke kama wafanyavyo wanaume wote, akakaa juu ya kitanda.

"Shemeji," akasema, "gari ni zuri. Kijana anajua kwamba mnakwenda?"

Tukanyamaza.

"Dada, nakuuliza na wewe. Akiwakuta mlangoni asiwafungulie, mtalala wapi?"

"Ndiyo maana lina kitanda," mmoja wetu akasema kwa mzaha. Hakuna aliyecheka.

Siku ya pili tulikwenda kwa padre. Hatutaandika yaliyosemwa huko. Ila twaweza kusema kwamba tulikuwa tumeungama kila Jumapili kwa maneno ya kitabu, pamoja na ninyi nyote kwa sauti moja, na kwamba kusema jambo hilo hilo kwa jina lake, mbele ya mtu mmoja, kulituchukua saa nzima. Padre hakutufariji upesi. Alituuliza kama kijana amekwisha kusikia maneno haya, au ni yeye padre wa kwanza kuyasikia.

Tukaandika barua. Sisi ni walimu, tuliona simu haitufai. Barua ya kwanza ilikuwa na sababu nyingi: hali ya wakati ule, ada, aibu mbele ya majirani, ng'ombe mwenyewe alivyokuwa wa maziwa. Tuliisoma usiku kwa taa, tukaona imejaa sisi. Ya pili ilikuwa na sababu moja tu, nayo tukaichana. Ya tatu haikuwa na sababu. Ilisema kwamba tulimhesabu amekufa naye yu hai, kwamba kosa hilo ni letu wawili, kwamba tunaomba ruhusa ya kuja, na kwamba akikataa tutaelewa. Tuliituma kwa basi, pamoja na dawa ya meno ya mti aliyoipenda utotoni, kwa sababu mama mtu hawezi kutuma barua tupu.

Siku kumi na tisa hapakuwa na jibu. Katika siku zile hakuna aliyegusa gari. Upepo ulilijaza vumbi.

Siku ya ishirini simu ikalia jioni. "Shikamooni," akasema. Tulishindwa kuitikia wote wawili, akadhani simu imekatika. Alisema barua ameipata, ameisoma peke yake, kisha amemsomea mkewe. Alisema tuje. Kisha akasema mkewe ana maneno yake, kwa kuwa alizaa watoto wawili bila mama mkwe wala shangazi wa kumkanda mgongo, na maneno hayo atatuambia mwenyewe tukifika. Tukasema, aseme. Mwishoni akauliza kama gari lina tairi la akiba zima, maana akijua baba yake atakuwa ameweka bovu. Lilikuwa bovu kweli. Tumelibadilisha.

Kwa hiyo hatuendi kama watu waliokwisha kusamehewa kila kitu. Tunakwenda kusikia maneno ya mkwe wetu. Yakobo na Yusufu, walipoonana Gosheni, twasoma kwamba Yusufu alimwangukia baba yake shingoni, akalia muda mrefu. Hatusomi walisema nini kesho yake, wala siku ya tatu, wakati machozi yamekauka na watu wanakula pamoja. Mzee aliishi Misri miaka 17 zaidi. Twaamini yalisemwa mengi.

Kitu kimoja kilichobaki ni kile ambacho watu wa kwetu hawapendi kukitaja. Yakobo, kabla ya kufa, alimwapisha Yusufu asimzike Misri, ila amrudishe kwa baba zake katika pango la Makpela. Alipanga safari ya kurudi kama alivyopanga ya kwenda. Nasi tumeandika wosia mbele ya mashahidi: nyumba, shamba la Nongwe, na pa kuzikwa. Jirani mmoja alitwambia tunajichuria. Si kujichuria. Tumeona katika kazi yetu ya ualimu watoto wangapi waliacha shule kwa sababu baba na mama waliogopa kujichuria, na ndugu wakaja na mikokoteni kuchukua mabati kabla ya arobaini. Katika wosia ule mna majina ya watoto wetu wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, kuanzia wa kwanza.

Tunaondoka Jumatatu baada ya Sikukuu ya Mavuno. Padre atatupa barua ya utambulisho, kwa maana tutapita dayosisi nne, Central Tanganyika, Rift Valley, Tabora na Western Tanganyika, na twapenda kushiriki Meza ya Bwana kila Jumapili itakapotukuta. Jumapili ile ya Mavuno, baada ya ibada, gari litakuwa nje ya kanisa, na tunaomba liombewe. Tunaomba zaidi mtuombee sisi, na yule mkwe wetu ambaye hatujamwona. Funguo za nyumba atakuwa nazo mjomba. Kuku atawalisha jirani, yule aliyesema tunajichuria, amekubali.

Mwenye ndugu Manyoni, Tabora au Uvinza, na ana mzigo mdogo wa kupeleka, aulete kabla ya Jumamosi ukiwa umefungwa vizuri na kuandikwa jina. Mahindi tutachukua kiasi. Kuku na mbuzi hatuchukui, kwa kuwa tunalala humo.